Re: Kaka yangu ana miaka 33 anaonekana mzee, ni ugonjwa gani huu?

Mkuu, pole sana. Umeuliza kama huo ugonjwa wa Werner aliotajiwa kaka yako, yaani ugonjwa wa kurithi unaomzeesha mtu mapema, unaambukiza, na kama wanawe wataupata. Hauambukizi, na tafadhali waambie wazee hapo nyumbani kuwa hajalogwa. Daktari Mjerumani Otto Werner aliueleza mwaka 1904 baada ya kuwaona ndugu wanne wa familia moja.

Chanzo ni jeni ya WRN, inayosaidia seli kukarabati vinasaba. Mtu huugua akirithi nakala mbovu ya jeni hiyo kwa baba na nyingine kwa mama, ambao wenyewe kwa kawaida huwa wazima. Watoto wake watabeba nakala moja tu. Hawataugua isipokuwa mama yao naye anayo, na hilo ni nadra kama si ndugu wa damu. Ninyi wa tumbo moja ndio mpimwe.

Mvi, sauti ya kukwaruza, mtoto wa jicho kabla ya miaka 40, vyote ni dalili zake. Dawa ya kuuponya haipo, lakini mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji. Apime sukari, presha na mafuta kwenye damu mara kwa mara, na sigara aache leo, maana moyo na saratani ndivyo huwaua wengi.

Hicho kidonda ulichosema anacho kwenye kifundo cha mguu msikidharau. Ngozi pale ni nyembamba na ngumu, hupona taratibu mno. Kisafishwe kliniki, avae viatu laini visivyombana, na msikipake dawa za mitaani.