Kwa aliyeuliza namna ya kupata mtindo wake: anza na nguo uliyoichakaza

Mdogo wangu, umeeleza kwamba umehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya kazi katika ofisi za Serikali za Mtumba, kwamba kabati lako limejaa nguo ulizonunua kwa kufuata kinachovuma, na kwamba hata hivyo kila asubuhi unajiona huna cha kuvaa. Umeuliza mtu anapataje mtindo wake mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani wa hapa Majengo kwa miaka mingi, na wateja wangu wengi ni walimu na wanawake wa maofisini, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ambayo meza ya kukatia imenifundisha.

Wateja wengi huja na picha kwenye simu. Picha humwonyesha mwanamke aliyesimama, amegeuka kidogo, amevuta pumzi, na mara nyingi nguo imebanwa mgongoni kwa pini ili ikae vizuri mbele. Haionyeshi nguo hiyo inavyokuwa mtu akipanda daladala, akiinama kuokota faili au akikaa kwenye kikao tangu saa tatu hadi saa nane. Ndiyo maana mteja akishanionyesha picha, humwomba aende nyumbani akaniletee nguo moja: ile aliyoivaa mpaka ikapauka, ambayo angeivaa hata leo kama isingechakaa. Nguo hiyo ameichagua mwenyewe asubuhi nyingi, akiwa na haraka, bila kushauriwa na mtu wala kutafuta sifa, na ladha yake ya kweli imejificha humo.

Mwalimu mmoja aliniletea gauni la bluu la poplini ambalo mabega yake yalikuwa yameshageuka kijivu kwa jua. Yeye aliamini kwamba alilipenda kwa sababu ya rangi. Tulilipindua ndani nje, tukalitandaza mezani na kulipima kila upande. Mkono uliishia chini kidogo ya kiwiko, kwa hiyo aliweza kuandika ubaoni na kunawa bila kuukunja. Mshono wa kiuno ulipita vidole viwili juu ya kiuno chake, jambo lililoyafanya mapaja yake yaonekane marefu na kumwacha apumue baada ya chakula. Sketi ilikatwa vipande sita vilivyotanuka polepole kuelekea chini, haikuwa na marinda kiunoni, na mifuko ilifichwa kwenye mishono ya ubavuni. Niliyaandika yote kwenye daftari langu, nikachora, kisha nikamshonea gauni la kitenge kwa mkato ule ule, na baadaye lingine la kahawia lisilo na maua. Vitambaa havikufanana hata kidogo, lakini wenzake shuleni waliyatambua magauni yote kuwa ni yake. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka uifanye kabla hujanunua hata kitambaa kimoja kipya: toa nguo zako mbili au tatu ulizozichakaza, zipindue, uzipime, na uandike zinakubaliana katika nini.

Ni vema pia ujue fasheni inavyotufikia. Majumba makubwa ya mitindo huonyesha nguo zake Paris, Milan, London na New York mara mbili kwa mwaka, takriban miezi sita kabla ya msimu wa kuzivaa, na misimu hiyo ni ya huko kwao. Viwanda hunakili kwa haraka, wafanyabiashara wa Kariakoo hufuata mzigo Guangzhou, na kutoka Kariakoo mzigo hupanda kuja kwetu. Nguo inapotundikwa kwenye duka la hapa mjini, ilikotoka imeshaanza kuachwa, na aliyeikata hakuwaza upepo wa Dodoma. Fundi aliyenifundisha kazi alishona bugaluu katika miaka ya 1970, zile suruali zilizotanuka chini na kuvaliwa na viatu vya raizoni, vyenye soli nene. Kabla ya hapo, mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa vita jijini Dar es Salaam. Miaka michache tu baadaye vijana walikuwa wamehamia kwenye upana wenyewe. Leo wasichana huniletea picha za suruali zile zile pana kama kitu ambacho hakijapata kuonekana. Suruali hiyo si mbaya, na kwa baadhi yao huwakaa vizuri sana, lakini huwakaa vizuri kwa sababu ya urefu wao na nyonga zao, na ingewakaa hivyo hata mwaka ambao hakuna anayeivaa.

Kuhusu mji wenyewe, umetoka pwani na huenda nguo zako nyingi zilichaguliwa kwa ajili ya joto lenye unyevu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo ni ukavu na vumbi. Mwezi Juni na Julai asubuhi huwa na baridi ya upepo, na saa saba mchana jua likakuchoma. Polista katika ukavu huo hunata miguuni na kuvuta vumbi, ilhali pamba huachia mwili. Mimi humshauri kila anayehamia hapa ashone kikoti kimoja chepesi cha pamba kisicho na bitana, chenye rangi inayokubaliana na magauni yake yote, akivae asubuhi na kukivua mchana. Nyeupe sikukatazi, lakini ujue udongo wetu mwekundu utakaa kwenye upindo, na uamue mapema kama unapenda kufua kiasi hicho.

Jambo ambalo ningependa ulitilie mkazo kuliko mengine ni kukijua kitambaa kwa mkono. Mtu asiyejua kitambaa hununua jina na rangi, na hapo ndipo kila kinachovuma humpata. Nenda soko la Sabasaba la hapa mjini, au mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, si kwa nia ya kununua bali kushika. Mitumba ni shule nzuri kwa sababu nguo hizo zimeshafuliwa na kuvaliwa, na ubora au ubovu wake umeshajitokeza. Soma lebo ya ndani inayotaja asilimia za pamba na polista, kisha ukunje kitambaa kwenye kiganja, uone kinavyojikunjua. Angalia akiba ya mshono, yaani kitambaa kilichoachwa ndani kando ya mshono: ikiwa pana, aliyeshona alitegemea nguo ipanuliwe siku moja, ikiwa nyembamba kama uzi wa kiatu, itafumuka. Angalia kama mistari ya kitambaa imekutana ubavuni. Dukani, ukiuziwa kitambaa kwa jina la pamba, omba nyuzi chache za pembeni uzichome: pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, polista huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Kwenye kitenge, geuza upande wa pili. Cha nta halisi rangi zake hukolea pande zote mbili, na kilichochapwa juu tu hupauka nyuma. Pamba yoyote iloweke na kuifua kabla ya kumpelekea fundi, la sivyo gauni litapungua mwilini mwako badala ya kupungua kwenye beseni. Ukiyafanya haya kwa muda, utashangaa jinsi vitu vingi vya madukani vitakavyokosa kukuvutia, na hutahitaji kujizuia.

Umegusia pia sare, na nakuelewa, maana hapa mjini mtu anaweza kuitwa kwenye kicheni pati, sendofu na harusi ndani ya mwezi mmoja, kila sherehe na kitenge chake kilichochaguliwa na kamati. Kitambaa cha sare si chako, na kukikataa ni kuwavunjia heshima wenye shughuli. Mshono lakini ni wako. Kamati ikishatangaza kitambaa, usikubali kushonewa mtindo mmoja na wenzako kwa sababu tu fundi mmoja amechukua kazi ya kikundi kizima. Mwambie akate kwa vipimo na mkato uliouandika kwenye daftari lako. Kama maua ni makubwa kuliko unavyopenda, mwombe ayapange mgongoni na kwenye sketi, kifuani aache sehemu tulivu ya kitambaa. Huo ni uamuzi wa dakika chache kabla mkasi haujaingia, na baada ya mkasi hakuna wa kukusaidia. Nguo ya namna hiyo utaivaa ofisini baada ya harusi, tena bila mtu kukumbuka ilikuwa sare ya nani.

Ofisini huna sababu ya kuhofu. Waraka wa mavazi ya watumishi wa umma wa mwaka 2007 unakataza nguo za kubana, fupi na zinazoonyesha maungo. Ndani ya mipaka hiyo bado una nafasi ya kuchagua kola, mkono, rangi na kitambaa, na hayo ndiyo yanayomtofautisha mtu na mwenzake.

Umesema pia unaogopa wenzako watasema unavaa vile vile kila siku. Watasema, kwa miezi ya mwanzo. Mfikirie Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991: alivaa ile suti yake yenye mifuko kwa uthabiti kiasi kwamba mpaka leo mzee akiingia kibandani kwangu hutamka tu “nishonee Kaunda suti”, na najua nikate nini. Hakuna aliyemhesabia kuwa amekosa nguo. Kurudia mkato unaokufaa katika vitambaa tofauti hakuchoshi macho ya watu. Kinachowachosha ni kumwona mtu aliyevalishwa na nguo, anayeivuta chini kila anaposimama. Ukitaka kuliona hilo kwa macho yako, kaa Nyerere Square jioni, au waangalie watu wakitoka Ijumaa Msikiti wa Gaddafi na Jumapili makanisani. Usiangalie nani amevaa kipya. Angalia nani anatembea bila kuigusa nguo yake, kisha ujiulize bega lake limekaaje, urefu umeishia wapi na kitambaa kinaangukaje anapogeuka.

Zile nguo ulizokwisha kununua usizigawe zote kwa hasira. Zitenge zile ambazo kitambaa chake ni kizuri ila mkato haukufai, kwa sababu gauni refu huzaa blauzi, na suruali pana inaweza kupunguzwa. Kumpelekea fundi, usichague Desemba wala wiki za kuelekea Pasaka au Idi, wakati ambapo vibanda vyote vimejaa sare na hakuna atakayekusikiliza. Njoo katikati ya Februari, siku ya kazi, asubuhi, ukiwa na nguo uliyoichakaza, kitambaa kilichokwisha kufuliwa na viatu unavyovaa kila siku, kwa sababu urefu wa upindo hupimwa mtu akiwa amevaa viatu vyake.