Nyumba ya uani: kontena, matofali ya udongo au mabati?

Wengi walioandika kutuuliza kuhusu nyumba ya uani, ile ndogo nyuma ya nyumba kubwa, wanaanzia ukutani: kontena, matofali au mabati? Sisi tunaanzia chini. Ardhi na maji machafu huwa vimeshakata nusu ya shauri kabla fundi hajashuka kwenye boda.

Nina ploti ya futi 50 kwa 100 Nyalenda, Kisumu. Nyumba kubwa iko mbele, nataka chumba kimoja cha kupangisha uani. Fundi anasema slabu ya zege ya inchi nne juu ya udongo mweusi inatosha. Ni kweli?

Haitoshi, mama. Udongo mweusi hufura ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, tena haufuri sawasawa: kandokando ya slabu hulowa mapema, katikati hubaki pakavu. Ndiyo maana unaona ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, na mlango unaogoma kufungwa wakati wa masika lakini Januari unafungika bila neno. Chumba kidogo huumia zaidi ya ghorofa kwa sababu ni chepesi, udongo ukifura hukiinua bila taabu.

Chimba shimo la majaribio kwenye kona ya chini ya ploti, kina cha mita moja na nusu. Ukikuta maramu (udongo mgumu wa changarawe) au mwamba humo, ondoa udongo mweusi wote chini ya jengo na mita moja zaidi kila upande. Jaza maramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka inyunyiziwe maji na kushindiliwa kwa mashine kabla ya kuongeza nyingine. Kosa la kila siku ni kumwaga maramu ya lori zima kwa mpigo kisha kushindilia juu tu. Chini panabaki pamelegea, na slabu hushuka. Usipofika penye ardhi ngumu, muite mhandisi akuchoree slabu yenye mihimili na nondo za juu na chini. Hilo si la kukisia. Ukimaliza, zungushia jengo ukanda wa zege wa upana wa mita moja, uinamie nje, na usipande mkaratusi karibu.

Gharama ya kuondoa udongo ikikushinda, basi nyumba ya mbao na mabati juu ya nguzo ndiyo yako. Kona ikishuka, unaipandisha kwa jeki na kuongeza kipande cha chuma juu ya nguzo. Ukuta wa mawe haukubali mchezo huo.

Naishi Kiamunyi, Nakuru. Nimepata kontena la futi 20 kwa bei nzuri. Nilifanye nyumba ya kijana wangu anayefanya kazi mjini?

Pima kwanza kwa ndani. Kontena la futi 20 lina upana wa mita 2.35 na urefu wa kwenda juu wa mita 2.39. Ukiweka fremu, povu la kuzuia joto na mbao za ndani, upana unabaki kama mita 2.2. Kitanda cha 4 kwa 6 kikilazwa kufuata ukuta, unabaki na mita moja hivi ya kupita. Kwa mtu mmoja panatosha. Kwa mume, mke na mtoto mchanga ni ugomvi. Lenye kimo cha futi tisa na nusu linafaa zaidi, ukilipata.

Kisha tazama njia. Kontena tupu lina uzito wa zaidi ya tani mbili na huja kwa lori lenye krini. Lango liwe na angalau mita 3.5, na nyaya za stima zisipite pale litakapoinuliwa. Wako waliobomoa ukuta wa jirani ili kuliingiza, na bei nzuri ikaishia hapo.

Uzito wote hukaa kwenye kona nne, kwa hiyo huhitaji slabu nzima: nguzo nne za zege, zilizosawazishwa kwa mpira wa maji. Zikipishana hata sentimita mbili, milango ya kontena haifungi. Nakuru ina udongo wa majivu ya volkeno, ambao hubomoka ukilowa, na baada ya mvua kubwa nyufa za ardhi zimewahi kufunguka sehemu kadhaa za mji. Kwa hiyo maji ya paa na ya bafu yasimwagwe karibu na nguzo hata kidogo.

Ukuta wa kontena ndio mifupa yake. Kila unapokata dirisha, chomelea fremu ya bomba la mraba kuzunguka tundu lote *kabla* ya kukata linalofuata. Sakafu ya asili ni plaiwudi iliyotiwa dawa ya wadudu kwa ajili ya safari za baharini. Ing'oe, au uifunike kwa rangi ya epoksi na sakafu mpya. Mwisho, baridi ya usiku wa Nakuru. Pumzi ya mtu hugeuka matone kwenye bati tupu, na asubuhi godoro limelowa. Povu liguse bati lenyewe bila nafasi ya hewa, na uache matundu mawili ya hewa, moja juu na moja chini, pande zinazokabiliana.

Wa Kisumu wanaoyatamani makontena: huko shida ni joto. Weka paa la pili la mabati juu yake, na nafasi ya sentimita 40 upepo upite kati. Bila hilo, saa nane mchana hakukaliki.

Kakamega. Nataka matofali ya kushikana, yale ya kukandamizwa kwa mashine bila kuchomwa. Chumba ni mita 6 kwa 3.5. Nitahitaji mangapi na simiti mifuko mingapi?

Kuta zote nne zina jumla ya mita 19. Kwa kimo cha mita 2.7 hiyo ni mita za mraba 51. Toa mlango na madirisha mawili, inabaki kama 46. Matofali 36 hujaza mita moja ya mraba, kwa hiyo 1,660, na ya kuvunjika juu yake, sema 1,750. Kuta za bafu hesabu kando.

Simiti inategemea udongo wako, na hapa ndipo watu huibiwa au hujiibia. Tengeneza kisanduku cha mbao cha ndani sentimita 60 kwa 4 kwa 4, kipake mafuta, jaza udongo uliolowa, uanike. Ukikauka, usukume wote upande mmoja na upime pengo. Chini ya milimita 15, changanya simiti moja kwa udongo 18. Kati ya 15 na 30, moja kwa 16. Hadi 45, moja kwa 14. Hadi 60, moja kwa 12. Zaidi ya hapo ongeza mchanga na upime tena. Udongo wa juu wenye mizizi usiutumie kabisa. Mfuko wa kilo 50 hutoa matofali 80 hadi 100 kwa kawaida, yaani mifuko 18 hadi 22 kwa chumba chako.

Yakitoka kwenye mashine, yafunike kwa nailoni na kuyanyunyizia maji siku saba. Yakianikwa juani siku ya kwanza, yatakuwa ya kumomonyoka kwa kidole, na hakuna plasta itakayoyaokoa. Na kwa mvua ya Kakamega, safu tatu za chini ziwe mawe, ndipo karatasi ya kuzuia unyevu, ndipo matofali ya udongo. Paa lichomoze sentimita 60.

Siaya. Kijana wangu amefika miaka 19 na anataka simba, nyumba ya kijana ndani ya boma la Wajaluo. Nimjengee ya kudumu?

Mzee, simba hukaa upande wa lango na mwenyewe atahama siku akianzisha dala yake, yaani boma lake. Kumimina zege na mawe kwa nyumba ya muda ni kuzika pesa. Mbao za sipresi zilizotiwa dawa, mabati ya geji 28 badala ya 30 iliyo nyembamba, na viungo vya bolti badala ya misumari, ili ikibidi vifunguliwe na kutumika tena. Nguzo ziwe juu ya zege, na bati lililokunjwa likae kati ya zege na mbao. Mchwa wakitaka kupita watajenga njia yao ya udongo nje ya bati, uione mapema. Upande wa lango wenyewe waulize wazee wa boma lako, sisi hatuingilii.

Choo cha nyumba ya uani kiunganishwe na septiki ya nyumba kubwa?

Ndiyo, kama mteremko upo. Bomba la inchi nne linataka kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita. Mita 12 ni sentimita 30. Uani mara nyingi ndiko kwenye bonde la ploti, na mtu hugundua hilo slabu ikiwa imeshakauka. Pima kabla ya msingi. Kama ni shimo jipya la kufyonza maji, chimba tundu la sentimita 30 kwenye sakafu ya shimo hilo, lijaze maji usiku kucha, asubuhi ujaze tena: yasiposhuka sentimita 2.5 kwa saa, shimo hilo litafurika. Udongo mweusi karibu kila mara hushindwa.

Je, kontena huvuta radi?

Hapana. Lakini liunganishe na ardhi kwa vijiti vya shaba kwenye kona mbili.

Ni nyumba ndogo tu, tena ya mabati. Kaunti inanihusu nini?

Ikikaliwa na mtu, ni jengo. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kuanza. Ukijenga bila hicho, faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote. Kontena halina msamaha. Anza na nakala ya hati ya ardhi, risiti za kodi ya ardhi ya kaunti na mchoro wa msanifu aliyesajiliwa, unaoonyesha umbali kutoka mpakani na mahali maji machafu yanapokwenda. Michoro mingi hurudishwa kwa sababu ya hicho cha mwisho.