Zunguka Miji Michache, Lakini Urudi

Vijana wanaotunga na kuimba nyimbo zao wenyewe huniuliza karibu swali lilelile: nitapandaje jukwaa kubwa la Nairobi? Nami huwarudishia swali: Nakuru umeshaimba? Wengi hunyamaza. Nairobi ni pazuri pa kurekodi na pa kukutana na wenzako, na ukipata usiku mmoja Alliance Française au Goethe-Institut utaimbia watu waliokuja kusikiliza kweli. Ila msanii asiye na kampuni nyuma yake haishi kwa mji mmoja. Mashabiki wako wa Nairobi wakikuona kila wiki mbili, wataanza kusema "tutakuja ijayo". Mimi unga wangu unatoka barabarani, tena kwenye miji ileile michache ninayoirudia.

Usianze na ziara ya nchi nzima. Shika barabara moja. Kwa anayetoka Nairobi, ya magharibi ndiyo nyepesi: Nakuru Alhamisi, Kisumu Ijumaa, Eldoret Jumamosi, Jumapili unarudi. Tupige hesabu. Tuseme Kisumu wamekuja watu 40 kwa kiingilio cha shilingi 500. Hizo ni 20,000. Mwenye ukumbi amekubali uchukue asilimia 70, kwa hiyo una 14,000. Nauli ya kwenda na kurudi, chumba, chakula na bodaboda zikila 6,500, unabaki na 7,500, na mpiga besi bado hajalipwa. Shoo ya aina hiyo peke yake ni utalii. Ukiunganisha miji mitatu, ile nauli ndefu unaitoa mara moja tu, na vipande vya katikati unavipanda matatu. Ndiyo maana Alhamisi ya Nakuru naichukua hata nikijua watakuja watu 15.

Halafu unarudi. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Nilipoimba Kisumu mara ya kwanza, waliosikiliza walikuwa meza mbili na mhudumu aliyekuwa akifuta glasi. Yule mhudumu ndiye aliyekuja kuniuliza wimbo wa pili unaitwaje. Ziara iliyofuata hakuwa zamu, alikuja kama mteja, na alikuja na binamu zake. Tangu hapo ninaweka orodha ya namba za simu kwa kila mji, kila mtu ameandika jina lake mwenyewe kwenye daftari linalokaa karibu na mlango. Wiki mbili kabla ya kurudi, natuma ujumbe kwa watu wa mji huo peke yao. Bango la mtandaoni huonwa na watu 3,000 wa Nairobi ambao hawatapanda gari kwenda Kisumu. Daftari halina mbwembwe, lakini linajaza viti.

Tarehe nazo zina siasa yake. Njaanuari usitoke, watu wamelipa karo na mifuko imekauka. Wikendi ya mwisho wa mwezi ni dhahabu. Masika ya Machi hadi Mei, uliza kama ukumbi una paa. Na kabla ya kukubali Jumamosi yoyote, fungua ratiba ya Ligi Kuu ya Uingereza. Arsenal au Manchester United wakicheza usiku huo, mwenye baa hatazima televisheni kwa ajili ya gitaa lako, na kusema kweli hata mimi nisingeizima. Omba kuanza baada ya kipenga cha mwisho, au sogeza tarehe.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo urafiki huharibika. Makubaliano yote yaandikwe, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp: kiingilio ni ngapi, mgawo ni upi, nani analeta spika na maiki, chakula kipo au hakipo, mnaanza saa ngapi. Omba malipo ya awali kwa M-Pesa kabla hujakata tiketi. Anayeshindwa kutuma hata nauli leo hatatuma salio saa sita usiku. Kuna jambo jingine ambalo wanamuziki wachache hulitaja: kiingilio kikilipwa kwenye Till ya ukumbi, yaani namba yao ya kupokea malipo ya M-Pesa, wewe huoni kitu. Ukumbi mmoja nilikaa nikihesabu vichwa kutoka jukwaani huku nikiimba, na mwishoni nikaambiwa idadi ambayo ilikuwa nusu ya niliowaona. Siku hizi pesa za mlangoni zinaingia kwenye Pochi la Biashara langu, ile huduma ya M-Pesa ya wenye biashara ndogo, mtu wangu yuko mlangoni na muhuri wa mkononi, na mgawo wa ukumbi natuma mimi kabla ya kufungasha waya. Wenye kumbi waaminifu hawajawahi kulalamika.

Pwani ni habari nyingine. Mombasa ni kama kilomita 480 kutoka Nairobi, na tangu 2017 wengi wetu tunapanda treni ya SGR kutoka Syokimau. Fika mapema. Mizigo hupangwa mstari chini, mbwa wa usalama wanapita kunusa, nawe unasimama pembeni ukitazama pua ikisita juu ya kasha la gitaa. Mbwa hana neno, ni hewa ya Mombasa utakayoigombeza. Mbao iliyozoea ukavu wa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ikifika kwenye unyevu wa pwani huvimba; nyuzi zinapanda juu ya ubao wa vidole na gitaa linatoka tuni kila wimbo. Nyuzi za chuma hushika kutu upesi kwa jasho na chumvi. Liache gitaa ndani ya kasha saa kadhaa lizoee joto polepole, beba seti mbili za nyuzi mpya, futa kila ukimaliza kupiga. Ukienda kwa basi la usiku, usikubali liwekwe kwenye buti. Kata kiti cha mwisho ulikumbatie, utalala ukifika.

Nauli na kiingilio ni pesa za leo. Za kesho ziko kwenye haki za nyimbo zako, na huku naona watu wanaacha shilingi zao mezani. Ukitunga, ukaimba, na ukalipia studio mwenyewe, una viti vitatu: wewe ni mtunzi, wewe ni mwigizaji wa wimbo, na wewe ni mwenye rekodi. Kenya viti hivyo vina mashirika tofauti ya kukusanya mirabaha. Kwa miaka mingi MCSK ilikuwa ya watunzi, PRISK ya waimbaji na wapigaji, KAMP ya wenye rekodi. Leseni zao hutoka KECOBO, bodi ya serikali ya hakimiliki, na zimezua mivutano isiyoisha, kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote iulize KECOBO nani ana leseni mwaka huu. Usitegemee utajirike huko. Ila chini ya sheria ya Kenya hakimiliki ya wimbo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako, na mjukuu wako atataka kujua kwa nini jina la prodyuza ndilo lililoandikwa. Andikeni kwenye karatasi nani ana asilimia ngapi siku hiyohiyo ya kurekodi, kabla biti haijapoa. Skiza, ile huduma ya miito ya simu, Mdundo na Spotify pesa zake huenda kwa aliyesajili wimbo, na karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha nani anadai ngapi.

Wenzako unaosafiri nao walipe usiku uleule, kabla hujajilipa. Mpiga besi aliyelipwa vizuri Eldoret atakubali Alhamisi ya Nakuru bila kuuliza maswali mengi. Na usiondoke ukumbini kwa "tutawasiliana". Mwenye ukumbi akiwa bado anahesabu kreti, simama naye kaunta, mfungue kalenda ya simu, mchague mwezi. Mimi huacha miezi minne hivi kati ya shoo na shoo: watu wanakuwa wamekumiss, lakini bado wanakumbuka maneno ya kiitikio.