Bamvua hadi bamvua: ishara isifie njiani

Mvuvi wa Msangamkuu, Mtwara, anajua bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Ukitaka mtandao wa neva unaojirudia, yaani programu inayojifunza kwa kusoma data hatua kwa hatua na kubeba kumbukumbu, ujifunze hilo kwa vipimo vya maji vya saa kwa saa, hesabu hatua kwanza: bamvua moja hadi nyingine ni siku 14.77 hivi, yaani saa 354. Kila saa hali ya ndani, yaani kumbukumbu hiyo, inazidishwa na matriksi (jedwali la namba) ileile. Hapo ndipo penye kazi.

Ukiiacha PyTorch, maktaba ya kujengea mitandao hii, ilivyo, uzito, yaani namba za matriksi hiyo, huchotwa kwa nasibu kati ya −1/√n na 1/√n, n ikiwa upana wa mtandao (idadi ya neva zake). Kila hatua ishara ndogo, yaani habari ya saa zilizopita, hubaki takriban 0.577 ya ilivyokuwa. Baada ya saa 12 imebaki 1/729: maji yamejaa na kupwa mara moja tu, mtandao umeshasahau.

Wengi huzidisha uzito kwa √3 ili ukuzaji uwe 1. Upana ungekuwa hauna kikomo, ishara ingesafiri salama. Wako unacho. Na kwa kuwa matriksi ni ileile, kasoro ndogo za uchotaji hazifutani, zinalimbikizana, na huanza kuonekana hatua zikikaribia kipeuo cha pili cha upana. Kwa upana wa 256 ni hatua 16. Usikimbilie kupanua: ili kipeuo kifike 354 unahitaji upana wa 125,316.

Tatizo ni rediasi ya spektra, yaani ukubwa wa thamani-eigeni (namba inayoonyesha matriksi inakuza au kupunguza mara ngapi) iliyo kubwa kuliko zote. Ikitokea 1.03, hatua 354 zinakuza ishara mara 35,000 hivi. Tanh, kanuni inayobana kila thamani kati ya −1 na 1, itaibana, lakini neva zitakwama kwenye ncha na kuacha kujifunza. Ikiwa 0.95, inabaki 1 kwa milioni 77.

Tunachopendekeza ni matriksi othogonali, isiyobadilisha urefu wa vekta (orodha ya namba), iliyozidishwa kwa 0.9972, yaani 1 − 1/354. Bila tanh, mwisho wa safari inabaki karibu 0.37. Kugawanya matriksi ya kawaida kwa rediasi yake nako kunasaidia, ila urefu wa vekta bado unaweza kupanda sana hatua za mwanzo kabla ya kushuka.

Kabla ya mafunzo, ingiza vekta ya nasibu yenye urefu 1, bila data, uchapishe urefu wake kila hatua 10, kwa mbegu (namba za kuanzishia uchotaji) 20 tofauti. Mbegu moja inadanganya. Kukata gradienti (namba zinazoelekeza uzito ubadilike vipi wakati wa mafunzo) kwenye 1.0 huzuia mlipuko tu. Ishara iliyokufa haifufuki.

Hatua zikikuzidi, chukua wastani wa saa 2, zibaki 177. Usifike saa 6: mzunguko wa saa 12.42 utabaki na pointi 2 hivi, na kilele cha maji hutakiona.