Tupa sarafu kwanza, ndipo usome Donsker

Ndugu yangu unayesoma uwezekano chuoni, ukifika kwenye theoremu ya Donsker ya mwaka 1951, ile inayosema njia ya hatua nyingi za bahati hukaribia mwendo mmoja maarufu, funga daftari kwa saa moja. Tafuta sarafu ya shilingi 500 ya Uganda, yenye korongo upande mmoja na ngao upande wa pili, na karatasi ya miraba.

Mimi nilifanya hivyo usiku mmoja Wandegeya, Kampala, umeme umekatika, mshumaa mezani. Korongo akitokea napanda mraba mmoja, ngao ikitokea nashuka mmoja. Nilifika mitupo 400, nikaunga karatasi kwa gundi. Mchoro ulikuwa mrefu mno lakini mwembamba. Mitupo 100 hukupeleka mbali na sifuri kwa kadiri ya miraba 10. Mitupo 400, kadiri ya 20 tu. Ndiyo sababu muda hugawanywa kwa n, yaani idadi ya mitupo, na kimo kwa kipeuo cha pili cha n. Ukibana hivyo huku n ikikua, njia nzima inaelekea mwendo wa Brown, yaani njia ya bahati isiyokatika inayotikisika kila wakati, iwe umetumia sarafu au dadu, mradi hatua zinajitegemea, zina mgawanyo mmoja, wastani sifuri na variansi (kipimo cha mtawanyiko wa hatua) yenye kikomo.

Njia yangu ilizama chini ya sifuri mapema, haikutoka tena. Nikaishuku sarafu, bure. Kwenye mwendo wa Brown, uwezekano wa kukaa upande mmoja kwa angalau asilimia 90 ya muda ni karibu asilimia 41. Mwanahisabati Mfaransa Paul Lévy alilionyesha hilo mwaka 1939, na kwangu hadi leo ni tokeo zuri kuliko yote. Theoremu ya kikomo cha kati, ile inayosema jumla ya hatua nyingi hufuata mgawanyo wa kawaida wenye umbo la kengele, peke yake haikupi hili, maana inatazama ulipoishia tu.

Sasa kosa lililonigharimu alama nyingi kwenye mtihani: nilipotakiwa kuthibitisha Donsker, nilithibitisha kwamba jumla za hatua zinaelekea mwendo wa Brown katika nyakati chache nilizochagua, nikaweka kalamu chini. Haitoshi! Chora mstari wa sifuri wenye mwiba mmoja wa kimo 1, mwembamba kwa 1/n, uliosimama popote kwa bahati. Kila saa utakayochagua, n ikikua, mwiba unakukwepa. Lakini kilele cha njia kinabaki 1 daima. Kwa hiyo lazima uonyeshe pia kwamba njia hazirukiruki ndani ya vipande vifupi vya muda.

Na kabla ya yote, kagua variansi. Ikiwa haina kikomo, usilazimishe Donsker. Huenda kipimo cha kubana kikawa kingine, na kinachotokea kikawa mchakato wa Lévy, wenye miruko.