Kuuza nyumba ya marehemu mzee, Kiamunyi: anzeni na mirathi

Ndugu, umeuliza ni karatasi gani zinahitajika kuuza nyumba ya marehemu mzee wenu pale Kiamunyi, Nakuru, na mnunuzi anataka mwandikiane mkataba wiki hii. Kama hati miliki bado ina jina la mzee, wiki hii hakuna cha kuuza. Sheria ya Urithi ya Kenya inahesabu kuuza mali ya marehemu bila idhini ya mahakama kuwa kosa la jinai, hata kama ndugu wote mmekubaliana.

Sisi tulipouza ya kwetu Lanet, tulianzia kwa chifu. Barua yake inataja warithi wote, na hapo ndipo wengi huwaruka dada walioolewa. Waandikeni, sheria haibagui binti na mwana, na aliyeachwa nje anaweza kusimamisha kila kitu baadaye. Kesi ya mirathi ikishafunguliwa mahakamani, hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi na watu hupewa siku 30 kupinga. Mkishateuliwa na mahakama kuwa wasimamizi wa mali ya mzee, kwa kawaida ni miezi sita kabla mahakama haijathibitisha uteuzi huo. Angalieni majina pia: hati yetu ilikuwa na jina la ubatizo ambalo kitambulisho cha mzee hakikuwa nalo, ikabidi wakili atuandalie hati ya kiapo.

Hayo yakiisha, hati inahamia kwa wasimamizi, na yaliyobaki ni mepesi: sachi ya karibuni (taarifa ya ofisi ya ardhi inayoonyesha mwenye ploti), cheti cha kaunti kwamba kodi ya ardhi imelipwa, vitambulisho, PIN za KRA, picha za pasipoti na mkataba wa maandishi wenye sahihi na mashahidi. Kama ploti bado imesajiliwa kama shamba, mtapita kwenye bodi ya ardhi, inayoidhinisha mauzo ya mashamba. Usidharau bodi; bila idhini yake mauzo ni batili. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, ni wa mnunuzi. Wenu ni kodi ya faida ya mtaji, yaani kodi ya faida mnayopata kwa kuuza, asilimia 15 tangu Januari 2023; gharama hupunguza faida hiyo, kwa hiyo tunzeni kila risiti ya ukarabati na ya wakili.

Ila hujasema kama mama yuko hai. Akiwepo, ana haki ya kuishi hapo maisha yake yote, na kuuza kutahitaji ridhaa ya watoto wote wazima pamoja na kibali cha mahakama. Utujibu hilo kwanza.