Anakosea chenji: je, lupasi imefika kwenye ubongo?

SWALI: Dada yangu anauza mitumba Kibuye, na aligunduliwa ana lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, mwaka jana. Tangu Machi anakosea chenji, kichwa kinamgonga, usiku hapati usingizi. Amepimwa malaria, hana. Akaambiwa ni mawazo. Nitajuaje kama ugonjwa umefika kwenye ubongo? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Hakuna kipimo kimoja cha kulijibu hilo. ANA, kingamwili inayopimwa kwenye damu, haisaidii hapa, maana karibu kila mwenye lupasi anayo, na picha ya MRI yaweza kutoka safi ilhali mgonjwa anaumwa kweli. Daktari huunganisha dalili, tarehe na dozi. Kwa hiyo fungueni daftari.

Andikeni siku kila dalili ilipoanza, na kando yake dozi ya prednisoloni, dawa ya kutuliza lupasi, na siku ilipobadilishwa. Dawa hiyo yenyewe hukosesha usingizi, na ikizidi miligramu 40 kwa siku huweza kuvuruga akili. Kuchanganyikiwa kunakofuata dozi kupandishwa kunatilia shaka dawa. Kukianza dozi ikiwa ileile, huku vipele na maumivu ya viungo vikirudi, lupasi ndiyo ya kushukiwa. Lakini dawa msiikatize ghafla.

Mara moja kwa wiki, saa ileile, atoe 7 kutoka 100 mara tano: 93, 86, 79, 72, 65. Mtajie pia maneno matano, muulize baada ya dakika 5. Wiki inayofuata anzieni 98 na mbadilishe maneno, la sivyo atakariri. Matokeo ya siku moja yasiwatishe, uchovu tu huyashusha. Angalieni kama anashuka wiki baada ya wiki.

Kuanza na malaria ni sawa kabisa huku kwetu kando ya ziwa. Kosa ni kuishia hapo. Apimwe presha, figo, sodiamu, C3 na C4 (protini za kinga kwenye damu), na kingamwili za antifosfolipidi, zile zinazogandisha damu na kuleta kiharusi. Akiwa na homa au shingo imekaza, daktari huhitaji kupima maji ya uti wa mgongo: dawa zimeshusha kinga yake, na kifua kikuu cha ubongo hufanana sana na lupasi. Kumwongezea prednisoloni kabla ya kuondoa shaka hiyo kwaweza kumuua.

Degedege, mdomo kupinda, kuona maruerue, au miguu kulegea na mkojo kuziba: hayo hayangoji siku ya kliniki. Hilo la miguu huenda ni uti wa mgongo kuvimba, na akicheleweshwa anaweza asitembee tena. Mpelekeni Russia, yaani Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, idara ya dharura, usiku uleule, na daftari mlibebe.